Theluji Nyingi Kuliko Zote: Sehemu Sita na Siri ya Ardhi

Theluji haiji kwa baridi pekee. Inataka pia hewa yenye unyevu, na kitu cha kuipandisha hewa hiyo juu mpaka unyevu ugande. Milima, maziwa na bahari ndivyo vinavyoamua nani apate vyote vitatu. Mifano ifuatayo inathibitisha hivyo.

Msimu wenye theluji nyingi zaidi: Mount Baker, Marekani
Msimu wa 1998/99, kituo cha kuteleza kwenye theluji cha mlima huu kilipima jumla ya mita 28.96, rekodi ya dunia. Kituo chenyewe kipo mita 1,300 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kinachokibeba ni ujirani na Pasifiki: pepo zilizoshiba maji hugonga safu ya milima ya Cascade, hupanda, hupoa na kuumwaga mzigo wote papo hapo.

Kina kirefu zaidi cha theluji kilichopimwa kituoni: Mlima Ibuki, Japani
Tarehe 14 Februari 1927, theluji iliyolala hapo ilifika mita 11.82. Upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake ni ya vuguvugu, ukanywa unyevu njiani na kufika milimani umelemewa.

Mpaka mkali wa theluji: Buffalo, Marekani
Novemba 2014, baadhi ya vitongoji vya kusini na mashariki vilifukiwa na zaidi ya mita 2 za theluji ndani ya siku chache, ilhali kaskazini mwa jiji zilianguka sentimita chache tu. Upepo ulikuwa umelifuata Ziwa Erie kwa urefu wake, ukajenga utepe mwembamba wa mawingu. Aliyesimama nje ya utepe huo aliuona kama ukuta mweupe, huku juu yake mwenyewe kukiwa na anga safi.

Baridi kali kuliko zote: Vostok, Antaktika
Hapa kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri, tarehe 21 Julai 1983. Lakini theluji inayoanguka kwa mwaka ni haba mno. Kituo kiko mita 3,488 juu, mbali na bahari, na hewa yenye baridi kiasi hicho haibebi unyevu wa maana.

Baridi kali zaidi Afrika: Ifrane, Moroko
Nyuzi 23.9 chini ya sifuri, Februari 1935. Mji huu umekaa kwenye milima ya Atlas, zaidi ya mita 1,600 juu, na theluji ya majira ya baridi ni jambo la kawaida kwa wakazi wake.

Theluji ya juu zaidi Afrika: Kilimanjaro, Tanzania
Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana Kibo, kilele cha mlima huu chenye mita 5,895, kina barafu karibu na Ikweta. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka. Watafiti wanataja ongezeko la joto duniani, na pia hewa iliyokauka, inayoleta theluji kidogo ya kufidia kinachopotea. Urefu wa mlima haujapungua. Unyevu ukikosekana, urefu peke yake hautoshi.