Kabla ya Kuomba Mashine, Hesabu Korosho

Maandiko mengi ya mradi yanayotoka Masasi na Newala yanaomba mashine. Kikundi cha wabanguaji kinaomba mashine ya kubangulia, na kijana aliyemaliza chuo anaomba ya kukamua mabibo. Ukurasa wa kwanza unaeleza umaskini wa wakulima, wa pili unataja bei ya mashine, wa tatu unaahidi ajira 50. Umaskini huo ni wa kweli na mashine inapatikana. Lakini mtathmini akimaliza kusoma bado hajui korosho za kuingia kwenye mashine hiyo mwezi Mei zitatoka wapi, wala nani atazilipia.

Swali hilo lina historia nzito huku kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii. Serikali ikakopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, ikajenga viwanda vikubwa vya kubangua, vikiwemo vya Masasi na Newala. Wakati viwanda vinajengwa, mavuno yalikuwa yanaporomoka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali nao bila kupaliliwa. Bei ilimkatisha mkulima tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Kufikia 1986/87 nchi ilivuna chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vilisimama vikiwa na mashine zake ndani.

Nawaomba wote wanaokaa kuandika andiko wailinganishe karatasi yao na historia hiyo. Mtoa ruzuku hapunguzi umaskini kwa kuusoma. Anataka kujua biashara yako inakwama wapi hasa, fedha yake itakwamua nini, na mwaka wa pili, fedha hiyo ikiwa imekwisha, utaendeleaje. Ukiyajibu hayo matatu kwa namba zinazoshikana, sehemu nyingine za andiko utaziandika kwa siku chache.

Kwa mbanguaji mdogo, mkwamo mara nyingi ni mtaji wa korosho ghafi. Msimu unaanza Oktoba na kufikia mwisho wa mwaka au Januari umekwisha. Tangu 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, kisha unauzwa mnadani chini ya chama kikuu, TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa upande wa Masasi. Wanunuzi wakubwa wanachukua mizigo mikubwa na kuisafirisha ghafi, hasa India na Vietnam. Anayetaka kubangua mwaka mzima analazimika kulipia malighafi ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, aihifadhi pakavu, kisha aishi kwa ghala lake hadi Oktoba nyingine. Njia ya mkato ni kangomba, kununua kwa mkulima nje ya mfumo, nayo ni kosa kisheria. Andiko ambalo bei yake ya korosho ghafi iko chini mno kuliko ya mnada linajishtaki lenyewe.

Tuchukue mfano, namba zikiwa za kufikirika. Kikundi cha watu 10 Newala kinapanga kubangua tani 10 za korosho ghafi kwa mwaka. Tuseme kilo moja inapatikana kwa shilingi 3,000: milioni 30 zinahitajika kabla ya Krismasi. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ni ganda, hivyo tukadirie kwamba inayobaki kama korosho karanga ni asilimia 22, yaani kilo 2,200. Wakiuza kilo kwa 20,000 wanapata milioni 44. Tofauti ni milioni 14, na humo humo zitoke posho, kuni au umeme, vifungashio, usafiri, tozo na matengenezo.

Sasa tazama nini kinatokea wakibangua vibaya. Korosho ikihifadhiwa na unyevu au ikipikwa kupita kiasi, nyingine zinaharibika na nyingine zinavunjika. Mavuno yakishuka kutoka asilimia 22 hadi 20, mauzo yanakuwa milioni 40, na zile milioni 14 zinabaki 10. Asilimia mbili tu zimekula milioni nne, na hapo sijahesabu kwamba korosho iliyovunjika inauzwa kwa bei ndogo kuliko nzima. Hapa ndipo vifaa vinapopata hoja. Kikundi kinachoandika, “Tunaomba chombo cha kupikia kwa mvuke na kaushio, kwa sababu msimu uliopita korosho nyingi zilivunjika, na hizi ndizo kumbukumbu zetu,” kimempa mtathmini sababu ya kutoa fedha. Kinachoandika kwamba mashine “italeta maendeleo” hakijampa kitu cha kushika.

Hesabu hiyo hiyo inapima ahadi ya ajira. Tani 10 kwa siku 250 za kazi ni kilo 40 kwa siku, na kazi hiyo haiwatoshi hata watu 10 kwa siku nzima, sembuse 50. Mtathmini anayeijua korosho anagawanya namba hizi kwa kalamu pembezoni mwa karatasi yako. Andika ajira nne za kweli, ueleze malipo ya kila mmoja. Utaaminika zaidi, na wale wanne watalipwa kweli.

Mazingira nayo yanahitaji uzito uleule. Neno endelevu limejaa kwenye maandiko, lakini maganda hayatajwi. Katika mfano wetu yatakuwepo tani kadhaa za maganda kila mwaka, yenye mafuta yanayounguza ngozi na kutoa moshi mkali yakichomwa ovyo. Yanaweza kuwa nishati ya kupikia korosho zenyewe, kwenye tanuru lenye bomba zuri la moshi mbali na makazi. Onyesha yatakakokwenda, na uweke glovu kwenye bajeti ya kila mwezi. Mikono ya kinamama wanaobangua imebeba gharama hii kwa muda mrefu bila kuandikwa popote, na mimi andiko lisilo na glovu siwezi kuliita endelevu.

Kisha maji. Uwanda wa Makonde hauna mito ya kudumu. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni kupanda Newala. Anayeomba ruzuku ya juisi ya mabibo atahitaji maji safi mengi ya kuosha matunda na vyombo, tena wakati wa kiangazi. Aandike anapata ndoo ngapi, kwa bei gani, na tenki la mvua litamsaidia kiasi gani. Wazo lenyewe ni zuri sana. Bibo lina uzito mara kadhaa wa korosho yake na vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kila msimu mengi yanaozea chini ya miti au yanaishia kwenye pombe ya uraka. Lakini linaanza kuchacha ndani ya siku moja, kwa hiyo biashara hii inasimama kwenye kasi: umbali wa shamba, saa ya kuokota, usafiri. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, kinachosimamia utafiti wa korosho nchini, ndiko kwa kuuliza kabla ya kuandika.

Kuhusu wapi pa kuomba, soma masharti kwanza, kwa sababu watu wanapoteza miezi kwenye dirisha lisilo lao. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Utarudishwa, na mpango wa kuurudisha ndio roho ya ombi lake. Mfuko wa Misitu Tanzania unatoa ruzuku kwa shughuli za misitu na nyuki. Mfugaji nyuki wa Masasi ana hoja ya pekee, kwa kuwa nyuki wake huchavusha maua ya mikorosho, mradi akubaliane na majirani kuhusu siku za kupuliza dawa. Programu ya ruzuku ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa na UNDP, inalenga asasi na vikundi vya jamii vyenye kazi ya mazingira. Kampuni ya mtu binafsi isijisumbue. Taasisi ya Tony Elumelu, kinyume chake, inamtaka mjasiriamali mwenyewe, mwenye wazo au biashara isiyozidi miaka mitano, na mtaji wake ni dola 5,000. Katika mfano wetu fedha hiyo hainunui hata nusu ya korosho ghafi, hivyo useme waziwazi unaanza na tani ngapi.

Vibali viende sambamba na uandishi: TIN, usajili wa kikundi au BRELA, Bodi ya Korosho kwa anayebangua, na SIDO kwa barua ya utambulisho kwenda TBS, kwani chakula kisicho na alama ya ubora hakipiti kwenye maduka makubwa. Gharama zake ziingie kwenye bajeti, pamoja na mchango wenu wenyewe. Chumba, mizani, siku za kazi za wanachama, vyote vina thamani. Viandikeni.

Kitu kimoja kinazidi vyote nilivyotaja: daftari. Kilo zilizoingia, kilo zilizotoka nzima, zilizovunjika, bei, tarehe, jina la mnunuzi. Kikundi chenye daftari la msimu mmoja, hata la kilo 300 tu zilizobanguliwa kwa mkono, kina ushahidi ambao mwandishi wa kukodi hawezi kuutunga. Mtathmini akija kukagua, hilo ndilo atakaloomba kuona, na mara nyingi atamuuliza mwanachama aliyekaa nyuma kabisa, si mwenyekiti.

Kalenda inawasaidia. Dirisha la Tony Elumelu kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Januari na kufungwa tarehe 1 Machi, wakati minada ya Newala na Masasi imemalizika au iko ukingoni. Anayeanza daftari lake Oktoba atakuwa na bei halisi za msimu mkononi siku fomu inapofunguliwa.