Gitaa la bei nafuu linavyoweza kurekebishwa likafaa benga

KIJANA wa Migori au Homa Bay anayetamani kupiga benga kwa kawaida huanza na gitaa la umeme la bei nafuu. Baada ya muda mfupi huenda akakata tamaa na kuliuza kwa hasara, akidai kuwa ni bovu kwa sababu sauti yake haipatani na ya wenzake. Hata hivyo, mara nyingi gitaa lenyewe ni zima, ila halikurekebishwa vyema lilipotoka kiwandani. Kazi hiyo huhitaji bisibisi, spana ndogo, rula na subira.

Benga hufichua kasoro hizo upesi. Muziki huu uliochipuka miongoni mwa Waluo kandokando ya Ziwa Victoria uliiga mapigo ya haraka ya nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane. Miongoni mwa waliouvumisha ni marehemu Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka na Migori, aliyefariki mwaka wa 2006. Mwimbaji anaponyamaza, gitaa la solo ndilo hutawala, na vidole hukimbilia sehemu ya shingo iliyo karibu na kiwiliwili. Hapo ndipo gitaa lisilorekebishwa hupotoka, hata kama nyuzi zake zilisikika sawa zilipokuwa hazijabonyezwa.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha nyuzi, kwani zilizoshika kutu haziwezi kutoa sauti ya kutegemewa. Seti ambayo uzi wake mwembamba zaidi una unene wa milimita 0.25 humfaa anayeanza. Nyuzi mpya zivutwe polepole kwa mkono na kukazwa tena hadi zitulie.

Pili ni shingo. Ndani yake mna chuma kirefu kinachokabili mvuto wa nyuzi. Uzi mnene ubonyezwe kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Katikati panafaa kubaki mwanya mdogo, usiozidi sana unene wa kadi. Ukizidi, chuma hicho kikazwe robo mzunguko tu, kisha mwanya upimwe upya. Anayetumia nguvu anaweza kukikata na kuiharibu shingo nzima.

Tatu ni kimo cha nyuzi. Zikipimwa juu ya freti ya 12, milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene ni kipimo kizuri cha kuanzia. Nyuzi zilizoinuka mno huchosha vidole na kupandisha sauti zinapobonyezwa, ilhali zilizo chini mno hugonga freti na kukoroma.

Hatua ya nne ndiyo muhimu zaidi kwa mpiga benga. Freti ya 12 huugawa uzi katikati. Uzi uguswe kidogo juu ya freti hiyo na kupigwa, kisha ubonyezwe hapo hapo na kupigwa tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana, na programu ya simu inaweza kuzipima. Ya pili ikiwa juu, kipande kinachobeba uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma ili kuurefusha; ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kila uzi upimwe peke yake.

Baada ya hayo ndipo ifaapo kufikiria vipuri. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza, vibadilishwe kwanza, kwa maana bila hivyo marekebisho mengine hayatadumu. Sumaku za kunasa sauti, ambazo wengi hukimbilia kununua, zije mwisho. Sumaku bora hunasa noti iliyopotoka jinsi ilivyo, na kuipeleka kwenye spika ikiwa wazi zaidi kwa wote waliofika kucheza.