Fungu la Kumi Linalofundisha Hesabu



Hebu mpe mtoto wa gredi ya tatu hesabu hii: 42 toa 17. Usishangae akikuandikia 35. Si kwamba ni mjinga. Ameona 7 haitoki kwenye 2, basi akageuza: 7 toa 2 ni 5. Halafu 4 toa 1 ni 3. Kwake yeye 42 ni tarakimu mbili zilizokaa pamoja tu. Hajaona kwamba ile 4 ni makumi manne.

Kosa hili hukua pamoja na mtu. Akilibeba mpaka kwenye kitabu cha kikundi, 420 toa 170 itaandikwa 350 badala ya 250. Shilingi 100 hazionekani, wanachama wanaanza kuangaliana vibaya. Kumbe hakuna mwizi!

Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, madarasa mengi yalijaa. Katika darasa kubwa, mwalimu mmoja hawezi kupitia kila daftari. Anayejua ananyoosha mkono, asiyejua anajificha nyuma ya mwenzake. Kikundi chenu kinaweza kusaidia kwa vitu viwili visivyo na gharama.

1. Mafungu ya kumi

Si lile fungu la kumi tunalotoa kanisani! Kateni vijiti vilivyonyooka, urefu wa kidole, na kuzisugua ncha zisichome. Vifungeni kumi kumi kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Kila watoto wawili wapate mafungu 5 na vijiti 10 visivyofungwa.

Sasa mtoto apange 42: mafungu 4 na vijiti 2. Mwambieni atoe 17, aanze na zile 7. Vijiti 2 havitoshi. Afanyeje? Msimharakishe, mwacheni afikirie. Akifungua fungu moja mwenyewe, atakuwa na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki 3, anatoa 1, yanabaki 2. Jibu ni 25. Hapo ndipo lile neno "kukopa" analolisikia kila siku linapata maana.

Maharagwe na mahindi yanafaa kwa kuhesabu, lakini hayafungiki kumi kumi, panya huyapenda, na watoto wadogo huyatia puani.

2. Kadi za tarakimu

Kateni maboksi makuukuu, andikeni 0 mpaka 9. Kila mtoto apate seti moja. Mwalimu anauliza swali, watoto wanahesabu kimya, kisha anasema, "Inueni!" Wote wanainua kadi pamoja. Kwa kutazama mara moja tu, mwalimu anajua nani ameelewa na nani bado, na hata yule mnyamavu amejibu. Mwalimu aepuke maswali yenye jibu kama 33, maana kila mtoto ana 3 moja tu.

Aliyekosea asichekwe. Akichekwa leo, kesho atangoja aone kadi ya jirani kwanza.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, mwoneni mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa kabla ya kukata hata kijiti kimoja. Wao ndio watakaovitumia. Pili, vifaa vikae kwenye mkebe darasani, visifungiwe ofisini. Tatu, vijiti ni vya kumvusha mtoto tu. Akishazoea, achore mafungu kwenye daftari, halafu aandike tarakimu peke yake.

Kazi hii ni ya alasiri moja, mkishamaliza mkutano wenu. Na kabla ya kupeleka vifaa shuleni, jaribuni wenyewe 42 toa 17 hapo hapo chini ya mti. Huenda yuko mama au mzee kati yenu ambaye hajawahi kuelewa kwa nini "tunakopa". Mpeni fungu alifungue kwa mkono wake. Siku mweka hazina atakaposoma hesabu za kikundi, naye ataweza kuzifuata.