Usinunue sensa kabla ya kupima volti 5

Taa ya injini imewaka. Probox inakohoa ukipandisha kwenda Iten, na fundi ameshachomeka mashine yake: P0107. "Sensa imekufa, tuma pesa ya nyingine."

Pole pole, msee. Namba hiyo haijasema sensa imekufa. Imesema tu kwamba volti inayofika kwa kompyuta kutoka sensa ya presha ya hewa iko chini sana. Shida inaweza kuwa sensa, waya uliochubuka, plagi iliyoingia maji, ama hata sensa nyingine kabisa.

Kwa kawaida sensa hii huwa na nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5, mwingine ni negativu, wa tatu unarudisha ujumbe. Chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima volti 5 kwa multimita. Zikiwepo, hakikisha negativu iko sawa, halafu fuata waya wa ujumbe na sensa yenyewe. Zikikosekana, usinunue kitu bado. Magari mengi hutumia laini moja ya volti 5 kwa sensa kadhaa, kwa hivyo moja ikipiga shoti inavuta zote chini. Chomoa sensa zingine za laini hiyo moja moja ukiangalia mita. Volti zikirudi, umepata mwizi. Zisiporudi, kagua waya, kisha kompyuta.

Kuna kitu kingine cha sisi watu wa Eldo. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu asilimia 78 ya ile ya Mombasa. Hivyo injini ikiwa imezimwa, sensa nzima itatoa volti za chini kuliko ingetoa huko Pwani. Hiyo si ugonjwa, na haitoshi kuwasha P0107. Anayelinganisha na vipimo vya usawa wa bahari atakutupia sensa nzima.

Kama gari ndilo linakulisha, sensa isiyohitajika ni pesa ya rent imeenda, na taa bado inawaka kesho asubuhi. Kwa hivyo mwambie kwa heshima: "Fundi, hebu tupime volti kwanza." Anayejua kazi atachukua mita. Akianza kukuzungusha, beba funguo zako, tafuta mwingine.