"Hapa" ni Wapi? Lugha na Hitilafu za Vitu vya Mbali katika Seva

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuuliza: seva za kompyuta zinanihusu nini? Zinamhusu kwa sababu ujumbe wa hitilafu ni matini kama matini nyingine, na msomaji wake wa kwanza si mhandisi. Ni karani aliyekaa mbele ya kioo, mbali na seva, na maneno atakayoyachagua kwenye simu ndiyo yatakayoamua kama hitilafu itapatikana leo au wiki ijayo.

Tuchukue pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kutoka mdomo wa mto Ruvuma kushuka Palma hadi Mocímboa da Praia. Huko kuna Kiswahili, Kimwani na Kimakonde, na Kireno ndiyo lugha ya ofisi. Tuseme kuna karani Palma anayetumia programu ambayo seva yake iko Maputo, zaidi ya kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka. Kioo kinamwonyesha sentensi ya Kiingereza. Anamwambia mwenzake kwa Kiswahili, mwenzake anapiga simu Pemba kwa Kireno, na Pemba wanaipeleka Maputo. Hitilafu tatu zilizo tofauti kabisa hufika mwisho wa safari zikiwa moja: "hakuna mtandao". Makala haya yanajaribu kuzitenganisha tena, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina zana za kutosha kwa kazi hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Katika uandishi wa programu, "kitu" ni furushi la taarifa pamoja na matendo yanayoweza kufanywa juu ya taarifa hizo. Kitu "Mgonjwa" kina jina na tarehe ya kuzaliwa, na kinajua kujisajili au kuonyesha chanjo zake. Vitu vikiwa ndani ya mashine moja huitana bila shida. Matatizo huanza kitu kinachoita kikiwa Palma na kinachoitwa kikiwa Maputo. Birrell na Nelson walieleza namna ya kuita kazi iliyo kwenye mashine nyingine katika makala yao ya mwaka 1984. Mwaka 1991 ulikuja mfumo wa CORBA, na mwaka 1997 lugha ya Java ikatoa utaratibu wake uitwao RMI, ambao seva kubwa za programu za ofisi ziliutegemea kwa miaka mingi. Shabaha ya wote ilikuwa moja: anayeita asihisi umbali.

Ili asihisi, hupewa wakili. Wengine husema "mwakilishi", lakini nadhani "wakili" linafaa zaidi, kwani watu wa pwani wanamjua wakili wa ndoa, asemaye kwa niaba ya asiyekuwepo barazani. Wakili huyu hukaa kwenye mashine ya Palma na hujibu kwa majina yaleyale ya kitu halisi, ila hatendi lolote mwenyewe. Hulifungasha ombi, hulipeleka Maputo, hungoja jibu, hulifungua na kumkabidhi mwombaji. Na wakili hupatikanaje? Programu ya Palma hubisha kwenye daftari la majina la seva (katika RMI, kwa kawaida mlango namba 1099), hutaja jina la kitu inachokitaka, na hurudishiwa wakili. Mfukoni mwa wakili mna anwani ya bwana wake. Na hapo ndipo penye ugonjwa unaosumbua kuliko yote.

Seva ilipomwandikia wakili anwani, ilijiuliza: mimi naitwa nani, nakaa wapi? Ikatazama faili lake la majina. Katika mifumo mingi ya Linux ya ukoo wa Debian, jina la mashine huandikwa mle mbele ya namba 127.0.1.1. Namba zote zinazoanza na 127 zina maana moja tu: mimi mwenyewe. Kwa hiyo wakili anasafiri hadi Palma akiwa na karatasi iliyoandikwa, kwa maneno mengine, "bwana wako yupo hapa". Anapotumwa kwa mara ya kwanza anaisoma karatasi, anakwenda "hapa", na "hapa" sasa ni mashine ya karani. Hakuna mtu. Kioo kinaandika "Connection refused to host: 127.0.1.1". Karani anaona neno la kukataliwa, anadhani Maputo wamemfungia, anaomba nywila mpya. Kumbe aliyemkataa ni mashine iliyo mezani pake.

Walimu wa sarufi watakuwa wameshaitambua hali hii. Ni tatizo la uonyeshi: maana ya "hapa" haimo katika neno bali katika mahali aliposimama msemaji. Na Kiswahili kinakwenda mbele zaidi ya lugha nyingi, kwani ngeli zetu za mahali ni tatu. Anwani ya 127 kwa kweli si "hapa", ni "humu", yaani ndani ya mashine hii na si kwingine. Anwani kama 192.168.1.10, ambazo ofisi elfu moja zaweza kuzitumia kila moja kwa mashine yake, ni "huku": eneo la kwetu, lisilojulikana nje. Ni anwani iliyosajiliwa kwa ulimwengu wote tu inayostahili "pale", mahali dhahiri ambapo kila mtu anaweza kupaonyesha kidole. Seva iliyoandika "humu" au "huku" kwenye barua inayokwenda kwa mtu wa "kule" imekosea kama mwandishi anayemwandikia mgeni wa mbali "njoo hapa kwetu" bila kutaja mtaa.

Tiba yake ni fupi. Seva huelekezwa wazi jina la kuwaandikia mawakili, na katika Java kipengele hicho huitwa java.rmi.server.hostname. Jina hilo liwe ambalo mashine ya Palma inaweza kulifikia. Kuna hali inayofanana na hii lakini si ileile: seva za JBoss kuanzia toleo la 4.2, na WildFly iliyozifuata, zikiwashwa bila maelekezo husikiliza "humu" tu, kwa ajili ya usalama. Hapo hata daftari la majina halifikiwi kutoka nje. Namna ya kuzitofautisha ni kuisoma namba iliyo ndani ya ujumbe. Ikiwa ni ya 127, wakili amepewa anwani mbaya. Ikiwa ni ya seva yenyewe, mlango wa seva haujafunguliwa. Ndiyo maana karani afundishwe kuisoma namba kwenye simu tarakimu kwa tarakimu, na mfasiri asiiondoe kwa kisingizio kwamba msomaji haielewi.

Nimesema "mlango". Mwanafunzi wa tafsiri asiyeangalia huandika "bandari", kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili. Kireno kinatuokoa: porto ni bandari, na porta ni mlango, na katika kompyuta Kireno husema porta. Karani wa Palma anayejua Kireno hatakosea hapa, pengine kuliko mwenzake wa Dar es Salaam. Na tukishakuwa na mlango, tuna hodi, na hodi inaeleza mengi.

Ukipiga hodi ukajibiwa papo hapo "hapana, hapa hakuna huduma hiyo", umekataliwa. Ni habari mbaya yenye faida, kwani nyumba ipo, njia inapitika, na kilichokosekana ni programu inayosikiliza mlangoni. Ukipiga hodi, ukangoja, ukangoja tena, kimya, hukukataliwa bali hukujibiwa. Huenda njia imekatika, au ukuta wa kinga umeagizwa kuzimeza hodi bila kujibu. Aina ya tatu ni kufunguliwa na kuambiwa "huyo unayemtaja hatumjui". Hapo mtandao ni mzima kabisa, ila jina ulilotaja halimo daftarini. Watu wa mpaka wa Ruvuma hawahitaji mfano mrefu: mji mmoja huandikwa Kionga na Quionga, mto mmoja Ruvuma na Rovuma. Binadamu husikia neno moja, lakini daftari la seva hutazama herufi, na hata herufi kubwa na ndogo hulitofautisha.

Kuna tukio moja linalowachanganya hata mafundi. Jina linapatikana, wakili anafika, anwani yake ni sahihi, kisha ombi la kwanza linazama kimya. Sababu ni kwamba mlango wa 1099 ni wa daftari tu. Kitu chenyewe husikiliza kwenye mlango mwingine, na kisipoelekezwa hujichagulia namba yoyote kila seva inapowashwa. Ukuta wa kinga umefunguliwa 1099 na kumeza nyingine zote. Kitu hicho kipangiwe namba ya kudumu, na namba hiyo iruhusiwe.

Mfasiri anayeandika "muunganisho umeshindikana" kwa hali zote hizi ametoa sentensi safi ya Kiswahili na amemnyang'anya fundi uchunguzi wote.

Zipo siku ambazo njia kweli imekatika. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Msumbiji ikaathirika pamoja na Tanzania na Kenya. Siku kama hizo hakuna mpangilio wa seva utakaosaidia. Lakini kuna jambo la lugha ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia.

Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliandika kwamba shabaha ya kumfanya mwitaji asihisi umbali ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kati ya tofauti walizozitaja, moja ni kushindwa nusu. Ombi linaweza kufika Maputo, likatekelezwa, kisha jibu likapotelea njiani. Aliyeko Palma anachojua ni kwamba hakujibiwa, na kutojibiwa si kutotendewa. Fikiria karani wa zahanati aliyebonyeza "hifadhi" kwa chanjo ya mtoto. Ujumbe ukisema "haikuhifadhiwa", atabonyeza tena, na mtoto ataandikiwa dozi mbili. Ukisema "haijahifadhiwa", kiambishi -ja- kinamwambia angoje, nacho pia huenda si kweli. Kilicho kweli ni "haijulikani kama imehifadhiwa, tazama orodha kabla ya kurudia". Ni ndefu, na waandishi wa programu hupenda maneno mafupi. Hapa mfasiri abishane nao.

Mifumo mingi ya karibuni imeacha mawakili wa namna hii na kutumia maombi ya kawaida ya wavuti. CORBA yenyewe iliondolewa katika Java toleo la 11, mwaka 2018. SISMA, mfumo wa taarifa za afya wa Msumbiji, umejengwa juu ya DHIS2, programu ya Java inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo katika mtandao wa HISP, ambao Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kimeshiriki. DHIS2 huruhusu taarifa kuandikwa kwenye kifaa bila mtandao na kupelekwa njia inapopatikana: barua badala ya simu. Hata hivyo "hapa" haikutoweka. Kuna kipengele cha DHIS2 kiitwacho server.base.url, na kikiachwa kinasema localhost, viungo vinavyotumwa kwa barua pepe vitampeleka msomaji kwenye mashine yake mwenyewe.

Jambo moja kwa haraka: mawakili na seva huweza pia kukosana kwa sababu ya matoleo. Furushi lililofungwa kwa toleo jipya la programu halifunguki kwa toleo la zamani. Ni kama mwalimu mwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 2013 kumtuma mwanafunzi atafute ukurasa fulani katika ya 1981.

Tumalizie na saa, maana hitilafu yoyote huchunguzwa kwa kusoma batli. Napendekeza neno hilo la mabaharia, daftari la nahodha, kwa rekodi ambamo seva huandika kila tukio na saa yake. Msumbiji iko saa moja nyuma ya Tanzania, kwa hiyo anayevuka Ruvuma kwenda Mtwara husogeza saa mbele. Karani wa Palma anasema, "ilikatika saa mbili asubuhi". Kwa Kireno hiyo ni saa nane, oito horas. Kwa seva inayohesabu saa za dunia ni 06:00, na kwa saa ya mezani ya Mtwara ni 9:00. Fundi anayesikia "saa mbili" na kufungua batli kwenye 02:00 atakuta usiku mtulivu na kutangaza kwamba seva ni nzima. Jambo la kuuliza kwanza ni saa ya nani, na kuiandika kwa hesabu ya saa 24.

Kwa zoezi la darasani, wape wanafunzi hali tano: mlango umekataa, mlango haukujibu, jina halimo daftarini, jibu limepotea baada ya ombi kupokelewa, na matoleo hayalingani. Kila mmoja aandike ujumbe wa Kiswahili usiozidi maneno kumi na tano kwa kila hali. Kisha jumbe zichanganywe na zisomwe kwa simu kwa mwanafunzi aliye chumba kingine, naye aseme ni hali ipi. Ujumbe usiotambulika urudishwe kwa mwandishi wake.