Kupima Neno Kabla ya Kulisadiki

Tuseme mtu wa Likasi anauza maji ya majani kwa kuponya homa. Anasema: «Watu kumi walikunywa, saba wakapona.» Wakristu wanamwuliza katekista wao: Tusadiki? Jibu halitoki katika ile saba. Kwanza tuulize: wagonjwa wasiokunywa, walipona wangapi? Kama nao ni saba katika kumi, hatuna bado ushuhuda kwamba maji yale yalifanya kitu.

Elimu ya hesabu ina namna yake ya kupima maneno kama haya. Inafanana na baraza: mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka ushuhuda umshinde. Vivyo hivyo tunaanza na dhana hii: dawa mpya haizidi ile ya zamani, tofauti yote ni bahati tu. Kisha tunauliza: kama dhana ile ni kweli, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hii, ama kupita hii, mara ngapi katika mia? Mpaka unawekwa mbele ya kuanza kazi. Kwa desturi ni mara 5 katika 100. Tukipata chini ya mpaka, tunaiacha dhana.

Tuone mfano wa nchi yetu. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walipima dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mgonjwa alipewa dawa kwa kura, ili waganga wasichague wenye nguvu kwa dawa wanayoipenda. Waliopewa ZMapp walikuwa 169. Katika siku 28 wakafa 84. Waliopewa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, walikuwa 174, wakafa 61. Bahati peke yake ingeleta tofauti hiyo pungufu ya mara 1 katika 100. Basi dhana ikaanguka. Waliopewa remdesivir walikuwa 175, wakafa 93: tofauti yake na ZMapp ni ndogo, bahati inaweza kuileta kwa urahisi.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, dhana isiyoanguka haikuthibitishwa kuwa kweli. Mshitakiwa aliyeachiliwa kwa kukosa mashahidi hakuonyeshwa kwa hiyo kuwa hana kosa. Pili, kosa laweza kutokea pande mbili: kusifu dawa bure, ama kuitupa dawa inayookoa. La kwanza linapunguzwa kwa mpaka mkali, la pili kwa kuongeza hesabu ya wagonjwa.

Basi, tukiulizwa juu ya yale maji ya majani, tusimtukane mwenye kuyauza, wala tusimsadiki mbio. Tuulize: Wasiokunywa je? Nani alichagua wagonjwa? Walikuwa wangapi? Na mtoto mwenye homa asikawizwe kupelekwa hospitali kwa sababu ya saba katika kumi.