Vidole vya Ndoana

Neno lililonikwama ni ndoana. Nilikuwa nasoma habari za roboti inayopanda majabali, na nilitarajia kukuta gundi, au sumaku, au vile vikombe vya raba vinavyonata kwenye kioo cha gari. Nikakuta ndoana. Ndoana kama za kuvulia samaki, ila ndogo sana, mamia kwa mamia katika kila wayo. Roboti yenyewe inaitwa LEMUR, imeundwa katika maabara ya JPL huko California, ambayo ni ya shirika la anga la Marekani, NASA. Ina miguu minne, haina kichwa cha kueleweka, na ikipanda inapanda polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Siku tatu ndoana hizo hazikunitoka akilini.

Nieleze zinavyofanya kazi, maana uzuri wote umo humo. Kila ndoana imefungwa kwenye kijimkono chake kinachonyumbuka kama springi, haina habari na jirani yake. Wayo ukigusa jabali, vidole vinajikusanya kuelekea katikati, kama kiganja kinachozoa unga mezani, na ndoana zinaburuzika juu ya jiwe. Nyingi zinateleza tu. Moja inakuta kishimo kidogo kuliko punje ya mtama, inanasa. Nyingine inakuta chembe iliyojitokeza, inanasa. Ya tatu inakosa, inaendelea kukwaruza. Hakuna ndoana moja inayoweza kubeba mashine nzima. Mzigo unagawanywa, kila iliyonasa inabeba chake, na zilizokosa hazilaumiwi. Na kwa sababu vidole vinavutana kutoka pande zote, wayo hauhitaji uzito wa kuukandamiza ili ushike. Unaweza kushika hata dari ya pango. Kwenye kioo haufui dafu. Unachotaka ni jiwe lenye vinyweleo, jiwe lililochemka zamani likapoa na mapovu yake ndani, jiwe la volkano.

Niliposoma hapo nikawaza Naivasha.

Aliyewahi kukodi baiskeli huko akaingia hifadhi ya Hell's Gate anaujua mnara wa Fischer: nguzo ya mwamba wa volkano, kama mita 25 hivi, inayosimama peke yake karibu na barabara muda mfupi baada ya lango la Elsa. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883, jina likabaki lake. Wamaasai wana habari yao ya zamani zaidi, ya binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka, akawa jiwe. Chini ya huyo binti ndipo nilipomkuta mtu niliyekuwa namtafuta. Amekuwa akifunga watu kamba hapo tangu ujana, na sasa kidevu kina mvi. Aliniomba nisiandike jina lake. "Andika tu mtu wa kamba," alisema. "Wanaonijua watanijua."

"Mzee, naomba uangalie kitu," nikamwambia, nikampa simu.

Alikinga jua kwa kiganja akatazama video yote bila kusema neno. "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu alinipokonya simu kwa upole akaishika mwenyewe.

"Hii inavua," akasema hatimaye, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini angalia hapa. Umeona? Haiegemei kabla ya kujaribu. Inashika, inavuta kidogo, ndiyo inapeleka uzito. Na miguu mitatu imetulia, mmoja tu ndio unatembea. Hiyo ni adabu. Wageni wangu wengi hawana adabu hiyo. Wanarukia jiwe kama wanagombania matatu."

Sikutarajia sifa. Nilikuwa nimekuja na dharau yangu tayari, nikitegemea ataiunga mkono. Nikamweleza zaidi: kwamba roboti hiyo ilibuniwa kwanza kwa ajili ya ukarabati kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kwamba mwanzoni mwa 2019 waliipeleka Death Valley, jangwa la California, na huko akili mnemba yake ikaichagulia njia ya kupanda genge, huku ikikagua mwamba kutafuta visukuku vya bahari iliyokauka zamani. Mradi umeshafungwa, lakini ujuzi wake ulilengwa mbali: majabali na mapango ya Mars, ambako hakuna mtu wa kamba.

"Ilichagua njia yenyewe?"

"Yenyewe."

"Ilichagua kati ya nini na nini?"

Nikasema, kati ya njia hii na ile, mshiko huu na ule.

"Ah. Basi ilichagua pa kupandia." Akanirudishia simu. "Mimi leo asubuhi kuna mtu nimekataa kumpandisha. Amelipa, amevaa, kamba imefungwa. Nikamwangalia macho nikaona huyu anapanda kwa sababu ya wenzake waliosimama na simu. Nikamwambia ashuke. Hiyo nayo ni kupanda, mwandishi. Nusu ya kazi hii ni kukataa."

Nilitaka kubishana, akanizuia. Maswali haya, alisema, hayaulizwi na mtu aliyesimama chini.

Viatu vya kupandia vinabana hadi vidole vinakunjana kama vya mtoto mchanga. Mkanda wa kiunoni ulikazwa, kamba ikafungwa fundo la nane, akalikagua mara mbili kwa vidole bila hata kulitazama. Mita tano za kwanza nilijiona hodari. Ya sita, mikono ilianza kutoka jasho, na jiwe ambalo dakika moja nyuma lilikuwa kavu likawa kama limepakwa samli. Nilichovya mkono kwenye mfuko wa chaki. Nikashika tena. Ndipo mguu wa kulia ulipoanza kutetemeka wenyewe, kisigino juu chini, juu chini, siwezi kuusimamisha.

"Unamshonea nani nguo?" sauti ikatoka chini. "Shusha kisigino! Kishushe!"

Nilikishusha. Cherehani ikanyamaza. Kuinua macho, kwenye kidaraja cha jiwe kidogo juu yangu, nikaona pimbi ananitazama. Wapo wengi pale, wamezoea watu. Huyu aligeuka akapanda sehemu iliyosimama wima, iliyokuwa imenishinda, kama anayekwenda jikoni.

Baadaye nilipokuwa chini nanywa maji, tulizungumza habari za nyayo za huyo mnyama. Pimbi ana nyayo laini kama raba, zenye tezi zinazozitia unyevu, na huo unyevu ndio unaomsaidia kushika. Yeye anatoka jasho ili asianguke. Sisi tunapaka chaki kukausha jasho ili tusianguke. Mjusi kafiri, yule wa dari za nyumba zetu, hana jasho wala gundi: miguu yake ina vinywele vyembamba mno vinavyokaribiana na ukuta hata vikavutana nao, na Chuo Kikuu cha Stanford kilishaunda roboti ya kumuiga. Na LEMUR ina ndoana zake. Nikauliza, basi kati ya hawa wote, mpandaji ni nani?

"Pimbi hapandi," alisema mtu wa kamba. "Pimbi anakaa hapa."

Nilikuwa bado na jibu moja mfukoni, nalo lilikuwa woga. Mashine haiogopi, kwa hiyo haipandi, tumemaliza twende nyumbani. Lakini kuna Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda El Capitan tarehe 3 Juni 2017, ukuta wa kama mita 900, peke yake bila kamba, kwa saa 3 na dakika 56. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wamemlaza kwenye mashine ya kupima ubongo, wakamwonyesha picha za kutisha, na sehemu ya ubongo inayowaka kwa watu wengine wanaposhtuka ikabaki kimya. Ikiwa woga ndio cheti, bingwa huyo hana cheti.

Mtu wa kamba alikuwa amesikia habari zake. "Haogopi picha," alisema. "Mtu asiyeogopa jabali hairudii njia ileile na kamba, tena na tena, mpaka kila mshiko anaujua kwa jina."

Ni jibu zuri, ila lilinisumbua barabarani nikirudi Nairobi. Kurudia njia ileile tena na tena ndiyo kazi hasa ya akili mnemba. Inaanguka mara elfu ndani ya kompyuta kabla ya kugusa jiwe mara moja.

Lakini kabla sijaondoka pale nilimsimulia pia habari ya Cerro Torre, mlima wa Patagonia ambao mwaka 1970 Mwitaliano Cesare Maestri aliupandia na mashine ya kubana hewa inayoendeshwa kwa injini, akatoboa mwamba na kupigilia bolti mamia, kisha akaiacha injini ikining'inia ukutani. Wapandaji wa dunia hawakumsamehe. Mwaka 2012 vijana wawili, Mmarekani na Mkanada, wakishuka mlimani, waling'oa zaidi ya bolti 100 kati ya hizo, na baadhi ya wenyeji wakawakasirikia wao pia. Mtu wa kamba alisikiliza akichora ardhini kwa kijiti.

"Injini bado iko pale?"

"Iko pale."

"Kwa hiyo ilipanda." Akatabasamu. "Basi roboti yako si ya kwanza."

Sijui kama alikuwa anakubali au anakejeli. Mchezo huu una ajabu yake: watu wazima wanajinyima ngazi. Kuna njia rahisi zaidi za kufika juu, wanazijua, wanazikataa moja baada ya nyingine, na kila kizazi kinagombana kuhusu ni ipi ikataliwe. Sijaona bado mashine iliyojinyima kitu.

Kuna jambo moja ambalo akili mnemba imeshalifanya bila kuhitaji miguu. Upo ubao wa mazoezi uitwao MoonBoard, kwa kawaida umeinama nyuzi 40, una vishikio vya mpangilio uleule popote duniani, na wapandaji wametunga juu yake maelfu ya njia na kuzipa alama za ugumu. Watafiti wa Stanford walizilisha njia hizo kwenye kompyuta, ikajifunza kukadiria ugumu na hata kutunga njia mpya. Nilidhani hili litamfurahisha.

"Ugumu kwa nani?" aliuliza. Akasimama kando yangu, kichwa chake usawa wa bega langu. "Pale ulipokwama wewe, ungenyoosha mkono ungefika. Mimi pale lazima nipandishe mguu hadi kiunoni. Wewe unasema ni rahisi, mimi nasema ni kazi, na jiwe ni lilelile. Hiyo kompyuta ina urefu gani?"

Na nilipomwambia kwamba kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Sam Watson wa Marekani alipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.74, ukuta ambao vishikio vyake havibadilishwi, na kwamba huenda hapo ndipo roboti itakapotushinda kwanza, hakujisumbua. "Hiyo ichukue. Hiyo ni ngazi."

Saa tisa hivi basi la shule likafika. Wavulana watatu wakatangulia mbio, wakamzunguka, mmoja akaiona video kwenye simu yangu na wote wakataka kuona. Mtu wa kamba aliwaacha watazame, kisha akamfunga wa kwanza mkanda. Mtoto akaruka kushika jiwe, akateleza, akaning'inia.

"Usirukie, baba. Shika kwanza. Vuta kidogo. Ndiyo upeleke uzito. Miguu mingine itulie."

Nilimtazama. Hakunitazama, macho yalikuwa juu na kamba ilikuwa inapita mikononi mwake taratibu. Mtoto alifika mita kumi, akagota, akashushwa akicheka. Mtu wa kamba akamfungua, akaanza kumfunga wa pili, akaniuliza bila kugeuka:

"Na hiyo yako, ilishukaje?"

Niliichezesha video tena hadi mwisho. Inakatika roboti ikiwa bado ukutani, mguu mmoja umeinuliwa.